TAHADHARI: Wanaopima "homoni za kiume" kwa kukushikisha chuma Kariakoo, mimi wamenipiga 240,000

Wakuu salaam. Hii naiandika hasa kwa wanaume wenzangu tuliovuka 40, maana hawa jamaa wanatulenga sisi.

Nina miaka 47, naishi Mbagala, nina kiduka cha vifaa vya umeme mjini. Toka mwaka jana mwishoni nilikuwa na uchovu ule ambao unalala usiku mzima unaamka umechoka vilevile, usiku nakojoa mara tatu mara nne, jioni kwenye daladala nasinzia mpaka napitilizwa kituo, na kwa mama watoto ndo kabisa sina nguvu. Nikakutana na tangazo Facebook, uchovu, kitambi, kukosa hamu, "homoni zako zimeshuka", yaani kama wananisema mimi. Nikapiga simu.

Ofisi iko ghorofani. Dada kavaa koti jeupe, anauliza umri, kilo na urefu anaingiza kwenye laptop, halafu anakupa kachuma kenye waya ukashike kiganjani. Dakika moja tu. Mkono ulikuwa na jasho, chuma kinateleza, akasema usijali inasoma. Printa ikatema makaratasi kibao, homoni ya kiume asilimia 32, ini limechoka, figo, mishipa, hakuna kiungo kilichopona! Hakuna sindano wala tone la damu. Hapohapo nikapewa dozi ya miezi miwili, vidonge na unga, 240,000, nikatuma kwenye namba ya mtu binafsi, risiti hamna.

Siku za mwanzo viliniamsha kweli, siwafichi. Ila kila nikimeza, baada ya muda kichwa kinagonga, uso unawaka moto, pua zinaziba, na mimi ni mtu wa dawa za presha. Siku ya tano nimeinuka kitandani nikadondoka, mtoto ndo kaniokota.

Hospitali daktari alivyoiona chupa akaniambia dalili hizo zinafanana na za sildenafil, ile iliyomo kwenye Viagra, na kwamba vidonge vingi vinavyouzwa kama mitishamba vimeshakutwa vimechanganywa nayo bila kuandikwa popote. Mtu anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti akimeza hiyo sildenafil, presha inaweza kuporomoka akafa. Hapo ndo nilipopata hasira, sio kwenye hela.

Na kilichokuwa kinanichosha ni sukari wakuu. Ilisoma 15 na sijanywa hata chai. Homoni walipima pia, damu ya mshipa, asubuhi kabla ya saa nne kwa sababu testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, huwa juu asubuhi, ikaonekana iko chini kidogo, ikabidi nirudi siku nyingine warudie kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Daktari kasema sukari na kitambi vyenyewe vinaishusha, kwa hiyo tunaanza navyo. Kuna wengine shida inakuwa upungufu wa damu, au tezi ya shingoni, au wanakoroma mpaka pumzi inakatika usingizini. Na wanaokimbilia sindano za testosteroni kienyeji wajue zinapunguza mbegu, kama bado unatafuta mtoto unajiharibia.

Kuhakikisha, nilimtuma shemeji yangu wa miaka 26, mzima wa afya, nikamwambia ataje umri wangu, kilo zangu na urefu wangu. Karatasi aliyorudi nayo ukiiweka pembeni ya yangu zimefanana karibu kila mstari. Ile mashine haimpimi mtu, inasoma ulichomwambia dada.

Kudai hela wameniblock. Chupa nimeipeleka TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Kama na wewe unazo usimalizie dozi, usizitupe pia, nenda nazo hospitali umwoneshe daktari na umwambie na dawa nyingine zote unazomeza, hasa za moyo na presha. Ukidondoka kama mimi uko peke yako ndani, nani atakuokota?