Diski ya nakala za akiba: ununue ipi Kampala, na uipime vipi kabla muda wa kurudisha haujaisha

Programu ya kutunza nakala za akiba yenyewe hailipiwi. restic na Borg zote ni bure, zote hutumika kwa kuandika amri kwenye terminali (dirisha la amri), na zote hutunza matoleo ya zamani ya faili ili uweze kurudi kwenye tasnifu yako ilivyokuwa Jumanne iliyopita. Borg haiendi moja kwa moja kwenye Windows, na laptopu nyingi zinazouzwa hapa zina Windows, kwa hiyo amri zilizomo humu ni za restic. Fedha yako inakwenda kwenye diski, na makosa mengi hufanyika hapo.

Pima kwanza ulichonacho. Ukiwa na GB 400 za hati, picha na video, diski ya TB 1 inakutosha kwa muda mrefu, kwa sababu restic hainakili tena sehemu ambazo hazijabadilika. Windows ikikuonyesha 931 badala ya 1000, hujapunjwa. Muuzaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

1. Diski mbili ndogo zenye sahani inayozunguka, za inchi 2.5

Ndizo tunazoziweka juu, na tunasisitiza neno mbili. Mbili za TB 1 ni bora kuliko moja ya TB 4, hata kama bei ya kila terabaiti inapanda. Moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu mtaa mwingine au kijijini. Mwizi na moto havichagui, vinabeba kila kilichomo chumbani.

Za inchi 2.5 hupata umeme kwenye kebo ya USB. Za inchi 3.5 ni nafuu kwa kila terabaiti, lakini zinahitaji adapta ya volti 12 ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski inazimika ghafla ingawa laptopu bado ina betri. Bila UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika), ziache.

Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ni la buluu. Tundu la USB 2.0 linapitisha kama MB 30 hadi 35 kwa sekunde, hivyo TB 1 inakula saa nane au zaidi, USB 3.0 huimaliza kwa takriban saa tatu. Diski ikigonga tik-tik kisha ikapotea kwenye skrini, usiilaumu mara moja. Huenda tundu halitoi umeme wa kutosha, au kebo ni ndefu au imelegea. Badilisha kebo kwanza, na usipitishie kwenye kigawanyo cha USB kisicho na chaja yake.

Nyingi za aina hii huandika kwa mtindo wa SMR, mistari ikipandiana kama vigae. Mwendo unashuka sana baada ya makumi ya GB. Ni tabia yake, si ubovu. Anza jioni, ilale ikifanya kazi.

2. SSD ya nje

Haina sahani inayozunguka, kwa hiyo inastahimili boda na barabara ya Karamoja. Kwa mpiga picha wa harusi anayehama kila wikendi, hii iwe ya kwanza. Lakini isikae kabatini miaka bila umeme: chembe zake hushikilia data kwa chaji, na chaji huvuja taratibu, haraka zaidi kwenye joto. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

3. Diski ya laptopu iliyotumika, ndani ya kasha la USB

Inafaa kuwa nakala ya tatu tu. Usiilipie kabla ya kuisoma kwa `smartctl` mbele ya muuzaji, kama ilivyoelezwa hapa chini.

4. Hifadhi ya mtandaoni

restic inaiweza vizuri, tena inasimba kila kitu (inakifunga kwa nywila) kabla hakijaondoka kwako. Kizuizi ni bando. Kupandisha GB 200 kwa Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) ni karibu saa 89 mfululizo, na tangu Julai 2021 data ya intaneti ina ushuru wa asilimia 12. Weka huko hati, vyeti na hesabu za biashara. Video zibaki kwenye diski.

5. Flashi na kadi za kumbukumbu

Hapana. Za bandia zimejaa: inajitangaza GB 512 wakati ndani kuna 32, inapokea faili zote bila kulalamika, kisha inazifuta kimya kimya.

Kuipima

Omba risiti yenye namba ya diski, na uulize una siku ngapi za kurudisha. Zitumie hizo siku.

Kwenye Linux, soma afya ya diski kwa `smartctl -a /dev/sdb` (sdb ni jina ambalo Linux imeipa diski; lako linaweza kuwa jingine). Ikikataa, ongeza `-d sat`. Soma Power_On_Hours, yaani saa ambazo diski imewashwa: "mpya" yenye saa 9,000 imefanya kazi zaidi ya mwaka. Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu) ziwe sifuri. Kisha, ili kujua kama ukubwa uliotangazwa ni wa kweli, jaza diski yote kwa `f3write` na uisome kwa `f3read`. Kwenye Windows tumia H2testw. Inachukua saa nyingi. Usikatishe njiani, kwa sababu ulaghai hujificha mwishoni.

Ikifaulu, ipangilie (format) kwa mfumo wa NTFS kama kompyuta zako zote ni za Windows. exFAT inasomeka kwingi, ila huharibika upesi ukichomoa diski bila kuiaga (eject). Kwenye amri zinazofuata, E: ni diski ya nje, akiba ni folda ya nakala, na C:\Kazi ni folda unayoitunza; ya kwanza huandaa hifadhi na kukuomba nywila, ya pili hunakili, ya tatu hukagua.

`restic -r E:\akiba init`
`restic -r E:\akiba backup C:\Kazi`
`restic -r E:\akiba check --read-data`

Amri ya tatu ndiyo wengi huiruka. `check` peke yake hukagua mpangilio; `--read-data` husoma kila baiti na kuilinganisha na alama yake. Iendeshe mara moja kwa mwezi. Kila miezi mitatu, `restic -r E:\akiba restore latest --target C:\jaribio`, kisha fungua faili kadhaa kwa macho yako.

Nywila uliyoiweka wakati wa `init` ikipotea, hakuna fundi wa kukusaidia, wala waliotengeneza programu. Iandike kwenye karatasi na uitenge na diski, au umwekee mtu unayemwamini nywila yake ya pili kwa `restic key add`.

Usiiache diski imechomekwa siku nzima: umeme unaporudi kwa nguvu, au kirusi kikiingia, vitaipata pamoja na laptopu. Angalia `smartctl` kila unapokagua. Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, nunua nyingine wiki hiyo hiyo, na ujaze mpya ukitumia laptopu au ile diski ya pili, si ile inayougua.