Oveni ya makala ya bati: miezi mitano na keki ya chokoleti na chungwa

Nilikuwa nimechoka kuanza keki umeme ukiwepo na kuimaliza gizani. Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja wa bati pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, nikaagiza oveni ya makala, yaani makaa. Alitaka dola 40, tukaelewana 32. "Mama, ukiwa na hii utasahau umeme," akaniambia. Kwa upande wa keki, nimeusahau kweli.

Ni sanduku lenye droo ya makala chini na mfuniko wenye kingo, ili makala mengine yakae juu. Mwambie fundi atumie bati jeusi. Lile la kuezekea lina zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mbaya. Halafu kabla ya kuoka chochote, iwashe tupu saa nzima. Yangu ilitoa harufu kali ya mafuta ya karakana mpaka ikakauka.

Keki ya kwanza iliungua chini na juu ikabaki mbichi, kwa sababu nilijaza droo kama ninavyojaza mbabula, lile jiko letu la makala. Sasa naweka theluthi moja ya makala chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Hilo peke yake lilibadilisha kila kitu.

Keki ninayoipenda ni ya sponji: mayai 4, sukari gramu 120, unga wa ngano gramu 90, kakao gramu 30, na maganda ya machungwa mawili. Machungwa yetu mengi huwa ya kijani hata yakiiva, maana ganda hubadilika rangi vizuri panapokuwa na baridi ya usiku. Usiyadharau. Nakwangua ganda kwa kile kibati chenye matundu tunachokwangulia karoti, sehemu ya juu tu. Nikiona weupe nageuza chungwa, kwa sababu ule weupe ni mchungu. Kisha nasugua maganda ndani ya sukari kwa vidole mpaka sukari inalowa na kugeuka rangi. Hapo ndipo jikoni panaanza kunukia, na watoto wanakuja wenyewe bila kuitwa.

Mayai na sukari nayapiga kwa mkono juu ya sufuria ya maji ya moto, kama dakika 15. Keki hii haina hamira wala baking powder, inainuliwa na hewa ya mayai tu. Bukavu iko juu, karibu mita 1500, na hapa hewa hupanuka zaidi ndani ya keki. Nilipoyapiga mayai mpaka yakawa magumu kabisa, keki ilipanda haraka, ikaanguka katikati. Sasa naacha kupiga pale uji unapodondoka kama utepe na kukaa juu sekunde chache kabla ya kuzama. Unga na kakao nachekecha pamoja mara mbili, nachanganya polepole kwa mwiko, nikipindua kutoka chini. Dakika 30 hivi, nachomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu natoa keki, naimwagia maji ya machungwa yaliyochemshwa na sukari kidogo ikiwa bado moto.

Pale ambapo oveni hii inaniudhi ni mlango. Haufungi sawasawa, joto linatoroka upande wa kushoto, kwa hiyo lazima nigeuze keki baada ya dakika 20, si kabla, la sivyo inashuka. Kipimajoto hakuna, naweka mkono karibu na mlango na kuhesabu sekunde ninazovumilia joto. Na jambo moja msilichukulie rahisi, mama na dada zangu: ioke barazani au uani. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyonusika, na inaua.

Droo nayo imeanza kupinda kwa joto. Wiki ijayo naipeleka kwa fundi aigongee bati nene zaidi, na nitamwomba arekebishe mlango siku hiyo hiyo.