Nimepanda Reli ya Tadami mwanzo hadi mwisho: kosea kama mimi au nisikilize kwanza

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina simu ya kufungua kwenye boksi, sina blenda, sina pasi ya mvuke. Bidhaa ya leo ina urefu wa kilomita 135.2. Ni reli. Reli ya Tadami, huko Japani, inayoanzia Aizu-Wakamatsu mkoani Fukushima na kuishia Koide mkoani Niigata. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini, "reli nayo bidhaa?" Ndugu yangu, nimelipa nauli, nimekalia kiti saa nne na ushee. Nikishalipia, nachambua.

Kilichonipeleka ni picha. Mmeiona hata kama hamjui ni ya wapi: daraja la chuma la upinde, mto wa kijani umetulia kabisa, ukungu umelala juu ya maji, na kitreni cha mabehewa mawili kinakatiza juu kama cha kuchezea. Hilo ni Daraja la Kwanza la Mto Tadami, karibu na mji mdogo wa Mishima. Nikasema nanunua tiketi, napanda, najionea mwenyewe. Haya, nikapanda. Daraja likaja: vyuma, maji chini, vilele vya miti, kwisha. Sekunde chache tu. Kwenye simu nikabaki na video ya bega la mzee aliyekaa mbele yangu.

Ndipo akili ikanirudia. Ile picha aliipiga mtu ambaye hakuwemo kwenye treni! Shikeni hilo, maana uchambuzi wote wa leo unazunguka hapo: ukinunua safari ya kupanda Aizu-Wakamatsu na kushuka Koide bila kuteremka popote, umenunua nusu ya bidhaa.

Tuanze na treni yenyewe. Ni ya dizeli, maana njia hii haina nyaya za umeme. Behewa moja au mawili, choo kimo, viti vya kutazamana vimo. Upana wa reli ni milimita 1,067, kwa hiyo ninyi wa Makambako na Mbeya mnaopanda TAZARA, upana ni huohuo. Mlango haufunguki wenyewe, unabonyeza kitufe. Konda hayupo. Ukipandia kituo kisicho na mhudumu, na vingi ndivyo vilivyo, unavuta kikaratasi chenye namba kwenye kimashine pale mlangoni. Juu ya dereva kuna ubao unaoonyesha namba yako inadaiwa kiasi gani, na unapanda kadiri mnavyosogea. Ukifika unakwenda mbele, unatumbukiza hela na kikaratasi kwenye kisanduku, dereva anainamisha kichwa, unashuka. Bebeni fedha taslimu, tena sarafu. Kuna kijana mmoja alifika mbele na noti kubwa, abiria wote tukamsubiri aichenji. Kijana huyo anaongea nanyi sasa hivi.

Njia sasa. Mwanzo usikate tamaa, ni mashamba ya mpunga tu, tambarare, treni inazunguka bonde la Aizu kama vile haina haraka ya kufika. Ukishapita Aizu-Bange inaanza kupanda, injini inanguruma, miti inasogea hadi inagusa dirisha. Halafu Aizu-Yanaizu. Hapa shuka. Kuna hekalu la Enzoji juu ya mwamba ukingoni mwa mto, na ndiko inakosimuliwa hadithi ya ng'ombe mwekundu aliyesaidia kubeba mbao za ujenzi wake. Sanamu yake ndogo inayotikisa kichwa utaikuta kila duka. Kuna pia awa manju, kitumbua cha mvuke cha nafaka ndogo za manjano, ndani maharage matamu yaliyopondwa. Nilikula kingali cha moto, punje zinashika meno, nikarudi kuchukua kingine kabla sijafika mlangoni.

Kutoka hapo mnaandamana na Mto Tadami. Watu wanagombania upande wa kukaa: kulia au kushoto? Usijisumbue. Treni inauvuka mto mara kwa mara, ulio kulia sasa hivi utahamia kushoto. Na ule utulivu wa maji una sababu yake: mto umezibwa na mabwawa ya umeme, moja baada ya jingine, kwa hiyo mnachokipiga picha ni kama ngazi ya maziwa. Kiangazi maji ya baridi yanakutana na hewa ya joto, ukungu unazaliwa, hasa alfajiri na jioni.

Mabwawa hayohayo ndiyo yaliyoijenga sehemu ya reli hii. Njia ilianza mwaka 1926 upande wa Aizu, ikawa inasogea kidogokidogo, na upande wa Niigata kipande cha Koide hadi Oshirakawa kikafunguliwa mwaka 1942. Ikafika Aizu-Kawaguchi mwaka 1956. Kutoka hapo kwenda mji wa Tadami, reli iliwekwa kwa ajili ya kupeleka saruji na vyuma kwenye ujenzi wa Bwawa la Tagokura. Japani ya baada ya vita ilikuwa na njaa kali ya umeme. Bwawa lilipokwisha, mwaka 1963 kipande hicho kikaingizwa kwenye reli ya taifa na abiria wakaanza kupanda. Mlima uliobaki katikati ulitobolewa handaki la zaidi ya kilomita 6, na mwaka 1971 ncha mbili zikakutana. Kivuko cha mlima huo kinaitwa Rokujurigoe, yaani cha ri sitini, ri ikiwa kipimo chao cha zamani. Inasemekana njia yenyewe ilikuwa ri sita tu, ila kila moja ilimchosha mtu kama kumi.

Na mlima huo ndio uliookoa reli. Miaka ya 1980 shirika la reli la taifa lilikuwa limezama kwenye madeni, likaanza kufuta njia zisizo na abiria. Tadami abiria ilikuwa haina. Lakini barabara ya kuvuka mlima, namba 252, hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji. Ungeondoa treni, watu wa Tadami wangekosa njia ya moja kwa moja kwenda Niigata miezi kadhaa kila mwaka. Ikaachwa.

Halafu Julai 2011. Mkoa wa Fukushima haujapumua tangu tetemeko na tsunami ya Machi, ikaja mvua kubwa na mto ukabomoa madaraja. Kipande cha Aizu-Kawaguchi hadi Tadami, kilomita 27.6, kikafungwa, watu wakahamishiwa kwenye basi. Kabla ya mafuriko, wastani wa abiria kwenye kipande hicho ulikuwa 49 kwa siku. Arobaini na tisa, jamani. Daladala moja ikishindiliwa vizuri inawamaliza. Kampuni ya JR East, inayoendesha treni za njia hii, ilitaka basi libaki moja kwa moja, wenyeji wakakataa. Mwisho wakakubaliana hivi: mkoa umiliki reli na madaraja na kubeba gharama za kuvitunza pamoja na miji ya njiani, kampuni iendeshe treni. Tarehe 1 Oktoba 2022 treni ikapita tena, baada ya miaka 11.

Fedha hizo zilistahili? Mimi nasema ndiyo, na si kwa hesabu ya tiketi, kwa tiketi hailipi hata kwa dawa. Nilishuka Aizu-Miyashita, nikatembea hadi njia ya kupanda kilimani kwenye kituo cha mapumziko cha barabarani pale Mishima. Kuna ngazi, kuna vituo kadhaa vya kutazamia daraja, kila cha juu kina mandhari pana zaidi. Nikawakuta watu wamesimamisha miguu ya kamera mapema. Treni ilipotokeza, dereva akapunguza mwendo, mama mmoja akaacha kamera yake akaanza kupunga mkono, na ndani ya behewa nikaona mikono inajibu. Wale watu wote walikuwa wamelala kwenye nyumba za wageni za huko na kula huko.

Kasoro sasa. Sehemu ya Kawaguchi hadi Tadami ina treni tatu tu kwa siku kila upande. Ukiikosa ya mchana, unakaa na mto hadi jioni. Chakula ndani hakuna, vituo vingi havina hata kiduka. Majira ya theluji upande wa Tadami kwenda Koide unaweza kufungwa kwa muda mrefu, angalieni taarifa kabla ya kulipia hoteli. Nauli ya njia nzima nililipa chini ya yeni 3,000. Tiketi ya msimu iitwayo Seishun 18, ya kupanda treni za kawaida za JR utakavyo, inatumika pia, ila sasa ni ya siku mfululizo, 3 au 5, kwa hiyo ipigieni hesabu kabla.

Nikirudi, hesabu yangu ni hii: usiku mmoja Yanaizu, mmoja Tadami, daraja nilitazame nikiwa kilimani asubuhi, halafu ndipo nipande kwenda Koide. Alama nane kwa kumi. Moja nimekata kwa ratiba, moja kwa lile bega la mzee.