Maji ya moto kwenye gesti ya vyumba 12: ununue nini kwanza

Kama una gesti au loji huku Njombe, Makete au Mafinga unajua mwenyewe, Juni mpaka Agosti mgeni kabla hajauliza bei ashauliza maji ya moto yapo? Na zile shawa za umeme za chumba kwa chumba ndo zinaangusha wengi. Nimepanga njia tano za kupasha maji kuanzia ya kununua kwanza, hesabu ni ya lita 500 za moto kwa siku.

Ya kwanza kabisa ni sola ya maji yenye elementi ya umeme ya akiba. Kupasha lita 500 kutoka nyuzi 16 mpaka 55 ni kama yuniti 23 za Luku kila siku, sasa siku jua limewaka vizuri hizo zote zimebaki mfukoni. Chukua za mirija ya kioo, maana paneli bapa zinazopitisha maji yenyewe, asubuhi maji yakiganda zinapasuka. Zitazame kaskazini, sisi tuko kusini mwa ikweta, fundi akizigeuzia kusini msimamishe hapo hapo. Elementi ifungwe taima iwake alfajiri tu, na muulize muuzaji ile fimbo ya magnesiamu ndani ya tanki inabadilishwaje, hiyo ndo inaliwa na kutu badala ya tanki, ikiisha zamu ni ya tanki. Halafu bomba zivalishwe sponji mpaka chumba cha mwisho, watu wanabana hela hapa alafu mgeni wa namba 12 anamwaga ndoo nzima ya baridi ndo aoge.

Ya pili hiti pampu. Inavuta joto la hewa, yuniti moja ya umeme inakupa kama tatu za joto, ila baridi ikizidi inapungua nguvu. Nzuri kama paa lina kivuli cha miti au ghorofa la jirani, na hakikisha mjini kwenu kuna fundi wa AC anayeijua.

Ya tatu boila la kuni, huku mabanzi ya viwanda vya mbao yapo, ila unahitaji mtu wa kuamka saa kumi usiku.

Ya nne hita ya gesi, na tafadhali sana isifungwe ndani ya bafu, ikae nje, moshi wake una sumu isiyo na harufu na inaua mtu akiwa anaoga.

Mwisho kabisa shawa za umeme. Moja ya wati 5,500, ukifungua lita 5 kwa dakika inapandisha nyuzi kama 16 tu, maji yameingia na 15 yanatoka 31, hiyo ni vuguvugu. Vyumba vyote 12 vikioga pamoja ni kilowati 66, umeme wa fezi moja hauubebi huo mzigo hata kidogo.

Kama hela haitoshi funga sola ya lita 300 kwa vyumba vinavyojaa kila siku, bomba zipitishwe kabisa mpaka vyumba vingine, tanki la pili utaongeza msimu ukilipa.