Kliniki ya ngiri Ibanda: mkono mzuri, ila ile famasi ya chini…

Nyota tatu. Ya nne nilikuwa nayo mkononi nikairudisha mfukoni.

Tulimpeleka baba mkubwa kutoka Kadutu, ngiri ya kinena imemtesa tangu mwaka juzi, jina la kliniki sitaji. Upasuaji wenyewe safi kabisa, walimpiga ganzi pale pale kinenani, kesho yake tuko nyumbani, kidonda kimekauka vizuri, na choo kina maji, Bukavu hii!

Sasa ile wavu ya kushikilia ngiri. Docta aliandika kwenye ordonansi mpaka jina la kampuni, akasema famasi ya chini, dola 120. Mimi na kichwa yangu ngumu nikapanda Nyawera, nikapata ya kampuni ingine dola 65, docta akakataa, eti miongozo ya kimataifa ya matibabu inataka ile yake. Famasi kumbe ni ya bibi yake, mke wake, tuliambiwa na mlinzi.

Bon, mimi niko enfirmie, hiyo miongozo naisomaka. Ule wa ngiri wa 2018 hausemi nunua kwa fulani, na kwa inchi kama yetu unakubali wavu ya bei ya chini. Tena pesa ya kuuandaa ilitoka pia kwa watengenezaji wa hizo nyavu, lakini waliandika wazi, msomaji apime mwenyewe. Hapo Uganda utafiti uliotoka 2016 ulichukua wanaume 302, wengine wavu ya kitambaa cha chandarua ya kama dola 1, wengine ya dola 125 hivi, mwaka ukaisha ngiri imerudia mutu mumoja tu. (Musikate chandarua ya kitanda, ile inatakaswa kwanza kwa mashine!)

Waandishi wa miongozo wana sheria yao, tangu 2015 mtandao wao wa kimataifa unasema mwenye kula kwa kampuni aseme mapema, asiwe mwenyekiti, na pa kuamua jambo lenyewe asiwe na sauti. Docta wetu angesema tu «famasi ni ya bibi yangu, muko huru kununua kwengine», na pengine tungenunua kwake tu, juu mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa nimechoka na ile mlima.

Fakture ninayo hapa. Dola 120, hata muhuri hakuna.