Maunti ya darubini kwa anayeanza kupiga picha za anga: ipi ununue kwanza ukiwa na bajeti ndogo

Pesa ya kwanza iende kwenye maunti, yaani kile kifaa kinachobeba darubini na kuigeuza. Darubini na kamera vitafuata. Wengi wanaoanza hufanya kinyume: wananunua darubini kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, halafu wanaitegemea stendi iliyokuja nayo ndani ya boksi. Kwa kutazama Mwezi kwa macho stendi hiyo inafaa. Kwa picha inakwama usiku wa kwanza, maana picha ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) au galaksi haipatikani kwa kubonyeza mara moja. Unapiga picha nyingi za sekunde 30, 60 au 120, kisha programu inazilaza moja juu ya nyingine, na katika kila moja nyota inatakiwa itulie mahali pake.

Dunia inazunguka, kwa hiyo anga linaonekana likisogea sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ya tao ina sekunde 60. Kwa dakika nzima ya saa, nyota zinakuwa zimehama robo ya digrii, karibu nusu ya upana wa Mwezi mpevu. Kazi ya maunti ni kuufuata mwendo huo kwa kasi ileile bila kutetereka.

Kabla hujalipa chochote, fanya hesabu hii: zidisha 206 kwa ukubwa wa pikseli ya kamera yako kwa maikromita, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi au darubini kwa milimita. Jibu ni sekunde za tao ambazo kila pikseli inaziona. Kamera yenye pikseli za maikromita 4 ikifungwa lenzi ya milimita 135 inaona kama sekunde 6 kwa pikseli. Ikifungwa darubini ya milimita 400, ni sekunde 2. Ikifungwa darubini ya milimita 1000, haifiki hata sekunde 1. Kadiri namba hiyo inavyoshuka ndivyo maunti inavyotakiwa kuwa sahihi zaidi, na usahihi ndio unaokula pesa.

Sasa iangalie gia. Maunti nyingi za bei nafuu zinaendeshwa na skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno, na skrubu hiyo haichongwi ikanyooka kabisa. Kwa kila mzunguko wake, maunti inatangulia kidogo kisha inachelewa kidogo. Kwa Star Adventurer mzunguko mmoja unachukua kama dakika 10, kwa HEQ5 kama sekunde 638 (zote ni maunti za Sky-Watcher, nitazirudia chini). Tuseme maunti yako inayumba sekunde 30 za tao kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya dakika 10. Katika dakika yake mbaya zaidi nyota itahama kama sekunde 9. Kwa lenzi ya milimita 135 hiyo ni pikseli moja na nusu, na hakuna atakayeiona. Kwa darubini ya milimita 400 ni pikseli nne na zaidi, na nyota zote zinarefuka kama punje za mchele. Maunti ni ileile na usiku ni uleule, kilichobadilika ni fokasi. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wabaki chini ya milimita 300 mpaka wawe na kamera ya kuongoza, yaani kamera ndogo ya pembeni inayoitazama nyota moja na kuiambia maunti ijirekebishe.

Uzito nao una hila yake. Kiasi kinachoandikwa na mtengenezaji mara nyingi ni cha kutazama kwa macho. Kwa picha, panga kutumia nusu yake, au theluthi mbili ukiwa mahali pasipo na upepo. Na katika kupima usisahau kamera, pete za kushikia darubini, kitambaa cha kupasha lenzi joto ili umande usitue, na nyaya.

Nimezipanga hivi kwa mtu mwenye kamera tayari, anayetaka kupiga nebula, galaksi na makundi ya nyota. Anayetaka sayari tu hahitaji mengi ya haya. Sayari hupigwa kwa video ya fremu fupi sana, na hata maunti inayosogea juu-chini na kushoto-kulia inamtosha.

Namba 1: maunti ndogo ya ikweta yenye mota mbili

Maunti ya ikweta ni ile ambayo mhimili wake mmoja unalengwa sambamba na mhimili wa Dunia, ili mzunguko mmoja tu ufuate anga. Mfano ulio wazi ni Sky-Watcher Star Adventurer GTi. Inabeba hadi kilo 5, kichwa chake hakifiki kilo 3, na ina mota kwenye mihimili yote miwili. Hiyo mota ya pili ndiyo inayoipandisha juu ya nyingine zote kwenye orodha yangu. Kwa mota mbili maunti inajilenga yenyewe: unachagua M42 (nebula ya Orion) au Kilimia kwenye simu, inageuka na kuielekea. Kamera ya kuongoza nayo inaweza kuirekebisha pande zote. Kwa anayeanza, kutafuta kitu asichokiona kwa macho ndiko kunakomaliza usiku, na hapa tatizo hilo limeondolewa.

Inatumia betri 8 za kawaida za AA au umeme wa volti 12. Chukua volti 12, maana betri zinazoishiwa nguvu zinaleta makosa ambayo utadhani ni ya gia. Udhaifu wake uko kwenye mhimili wa pili, ambao meno ya gia yake yana ulegevu kidogo, kwa hiyo unapoongoza kwa kamera inachelewa inapotakiwa kugeuza mwelekeo. Na miguu inayouzwa nayo ni myepesi. Ining'inizie mfuko wa mchanga katikati na usiinyanyue hadi mwisho. Kwa lenzi ya milimita 135 au darubini fupi ya milimita 250 hivi, sioni ulicho na haja nacho zaidi ya hiki kwa mwaka wa kwanza.

Namba 2: HEQ5 iliyotumika

Kama una ua au paa lako mwenyewe na mgongo mzima, hii inaweza kukufaa kuliko ile ya kwanza. HEQ5 imekuwepo sokoni miaka mingi, vipuri vyake vinapatikana, na matatizo yake yote yanajulikana. Inabeba takriban kilo 13, kwa hiyo darubini ya kilo 6 au 7 pamoja na kamera inakaa vizuri. Orion Sirius EQ-G ni maunti hiyohiyo yenye jina jingine, basi itafute pia. Kasoro ni uzito: kichwa peke yake kinakaribia kilo 10, bado miguu na vyuma vya kusawazisha. Kama unapiga picha kwa kusafiri kwenda penye giza, fikiria mara mbili.

Ukienda kuikagua, ilegeze mihimili yote miwili uizungushe kwa mkono. Inatakiwa iende laini, bila sehemu inayokwama. Kisha ikaze, shika upau wa vyuma vya kusawazisha uutikise taratibu. Ulegevu mdogo sana ni wa kawaida na unarekebishika kwa skrubu ndogo zilizo pembeni ya gia, lakini mlio wa kugonga chuma kwa chuma ni dalili mbaya. Mwambie muuzaji aiwashe na uisikilize mota ikienda kasi ya juu pande zote mbili. Sauti kubwa si neno, HEQ5 zina kelele. Sauti inayobadilika ghafla katikati ya mzunguko ndiyo ya kuogopa. Mwisho chomeka ile rimoti, bonyeza kila kitufe, na uutazame waya wake pale unapoingia kwenye plagi. Wengi huifungia mkanda badala ya gia za kati ili kupunguza ulegevu. Ukiikuta tayari ina mkanda, hiyo ni faida kwako.

Namba 3: traka ya mhimili mmoja

Traka ni kifaa kidogo cha kufuata anga chenye mota moja tu. Star Adventurer 2i na iOptron SkyGuider Pro ziko hapa, zote zikitajwa kubeba kilo 5. Zinafuata anga, lakini hazijilengi, na kitu unakitafuta mwenyewe. Kwa lenzi za milimita 14 hadi 135 zinatoa picha safi kabisa za Njia Nyeupe na za makundi makubwa ya nyota. Anayepanda milima au kusafiri na begi moja mgongoni, huyu aiweke namba 1 bila kusita. Kwa mwingine yeyote, tofauti ya bei kati yake na GTi ni ndogo kuliko kazi utakayojiongezea.

Namba 4: ya kujitengenezea

Mwaka 1975 Mskoti George Haig alieleza namna ya kutengeneza kifuatilia nyota kwa mbao mbili, bawaba na bolti, na bado kinafanya kazi. Tumia bolti ya M6, ambayo kwa mzunguko mmoja inasogea milimita 1, uiweke milimita 228.5 kutoka katikati ya bawaba. Ukiizungusha mara moja kila dakika, mbao zinafunguka kwa kasi ya anga. Lenga bawaba kwenye ncha ya anga, yaani pale ambapo anga lote linaonekana kupazunguka, na utapata picha za dakika kadhaa kwa lenzi ya milimita 35 au 50. Mimi nakipenda kifaa hiki. Anayekitengeneza anaelewa maunti nyingine zote zinavyofanya kazi, na hata akinunua baadaye hajapoteza kitu.

Ikiwa bajeti imetanuka

Maunti za gia ya haamoniki, kama ZWO AM3 na AM5, ni nyepesi na zina nguvu. AM5 ina kilo 5 na inabeba kilo 13 bila chuma cha kusawazisha. Ila kuyumba kwake ni kukubwa, kwa hiyo kamera ya kuongoza ni lazima tangu siku ya kwanza. Iingize gharama hiyo kwenye hesabu. Hapa hatuzungumzii tena bajeti ndogo.

Za kuacha

EQ1 na EQ2 zinazokuja na darubini ndefu. Miguu inatetemeka kwa kila pumzi ya upepo, na mota ya kuongezea haiwezi kuponya hilo. Usinunue pia maunti ya juu-chini na kushoto-kulia kwa ajili ya nebula na galaksi: inaweka kitu katikati, lakini picha yenyewe inazunguka pole pole, na nyota za pembeni zinachora matao. Inawezekana kwa picha za sekunde chache, ila unajifunga tangu mwanzo.

Angalia latitudo kabla ya kulipa

Maunti ya ikweta lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga, na ncha hiyo iko juu ya upeo wa macho kwa digrii sawa na latitudo yako. Nusu ya kaskazini wana Kutubu, yaani Nyota ya Kaskazini, iliyo chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha. Kusini kuna Sigma Octantis tu, hafifu kiasi kwamba taa kidogo za mji zinaifuta. Ukikosea kulenga kwa dakika 10 za tao, nyota zinaweza kuteleza hadi sekunde 2.6 za tao kila dakika. Kwa milimita 135 si kitu, kwa milimita 400 zinaonekana.

Ukikaa karibu na ikweta, ncha iko ardhini kabisa, nyuma ya miti na nyumba, na kidarubini cha kulengea kilicho ndani ya maunti hakikusaidii. Tumia programu inayopima kutoka sehemu yoyote ya anga. N.I.N.A. ni ya bure na ina nyongeza ya kulenga kwa pointi tatu. Lakini kwanza muulize muuzaji maunti inashuka hadi digrii ngapi, kwa kuwa nyingine hazishuki chini ya 10 au 15. Na hata ikishuka, ifunge darubini yako na uizungushe mhimili mzima mchana: kwa pembe ya chini vile vyuma vya kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Geuza stendi ili mguu mmoja usiwe kwenye njia yake, na kama bado vinagonga, nunua nguzo fupi ya kuinua kichwa pamoja na maunti.