Kibodi ya Kung'oa Swichi: Kagua Tundu Kabla ya Taa!

Haya watu wangu, karibuni tena, tuko Kisumu, na hiyo kelele mnayoisikia ni feni, siwezi kuizima kwa hili joto. Mezani nina kibodi mbili za mekaniki. Mambo ya Bluetooth, betri na rangi za taa siyagusi, sanduku limeandika yote. Nimekuja kung'oa swichi, kile kidude kilicho chini ya kila kitufe!

Angalieni. Natoa kitufe cha A. Sasa kwa hiki kikoleo nabana swichi juu na chini, hapo kwenye vishikizo, halafu navuta wima, bila kuiyumbisha. Tka! Imetoka. Solda hamna, fundi hamna. Ngoja niilete kwa kamera. Miguu miwili ya chuma, na huu mnene wa plastiki katikati. Hii ni pini tatu. Hii nyingine imeongeza vijiguu viwili vya plastiki pembeni, ndiyo pini tano. Bodi ya ndani yenye tundu za pini tano inapokea zote. Bodi ya pini tatu itaikataa ya tano, mpaka uvikate hivyo vijiguu. Mimi natumia kikata kucha, msinicheke.

Kurudisha ndiko watu huharibu. Mguu ukijikunja, nyoosha kwanza. Ukisukuma kwa hasira, soketi, yaani tundu la swichi, inabanduka kule nyuma ya bodi, maana yenyewe ndiyo iliyopigwa solda, na hapo sasa fundi utamtafuta.

Mbona A? Chapa "maandazi" uone. Kiswahili kinaimaliza A kabla ya herufi nyingine yoyote. Ikianza kujirudia, aa, aa, naiba swichi ya kitufe cha Insert, ambayo sijui nani huitumia, naipachika pale. Kazi inaendelea.

Halafu kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina simtaji, aliniandikia "swichi zinabadilishwa". Kibodi imefika swichi zote zimepigwa solda! Mkitaka kibodi ya RK61 muwe macho, kuna ya kung'oa na kuna isiyong'oka, na kwa sura ni mapacha. Dai picha ya swichi ikiwa nje. Akikuzungusha, wachana naye. Na swichi za optiki, zile zinazotumia mwanga, haziingiliani na hizi, usidanganywe.



Kibodi ya Keychron V1 nimekuwa nikiisema ni ghali, na bado ni ghali, kasha lenyewe plastiki. Lakini tundu ni za pini tano, na programu ya VIA inakupangia vitufe upya. Bei ikishuka kidogo tu, nanunua. Sawa, hata isiposhuka.

Swichi zenyewe? Nyekundu ya kampuni ya Cherry inashuka laini, kwa nguvu ya gramu 45 hivi. Kahawia ina kinundu unachokihisi katikati ukibonyeza. Bluu inapiga kelele, na kama mnalala chumba kimoja na ndugu yako, atakufukuza. Sikilizeni bluu... omera, hii si ya saa sita usiku! Mimi nabaki na nyekundu. Wa bluu, jiteteeni hapo chini.